Namba Inayopokelewa: Saraka Mpya ya Biashara na Soko Lililojaa



Kila mwaka vijana wetu huniletea wazo lile lile. Wanataka kujenga saraka ya biashara mtandaoni ambamo kila duka, kila fundi na kila kampuni ya Tanzania itaorodheshwa. Wazo ni zuri. Mimi huwauliza: nani ataifungua, na kwa nini aache njia aliyoizoea? Naamini jibu lipo, na inaniuma kuona vijana wakimaliza akiba za wazazi wao kabla hawajalifikia.

Tuanze na historia. Mwaka 1878 huko New Haven, Marekani, ilichapwa orodha ya wenye simu ya ukurasa mmoja tu. Ilikuwa na majina 50, bila namba hata moja, kwa kuwa mpigaji alimtajia mhudumu wa mitambo jina la anayemtaka. Mwaka 1886 Reuben Donnelley wa Chicago akazipanga biashara kwa aina ya kazi, na kurasa za njano zikaingiza fedha kwa karne nzima. Kitabu kile kiligawiwa bure kwa wenye simu. Mwenye duka alipolipia tangazo, alijua kitabu kimeshafika nyumbani kwa mteja. Msomaji alitangulia, mlipaji akafuata.

Yahoo nayo ilianza mwaka 1994 kama orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mkono na wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo. Ilifika mahali ikatoza tovuti za biashara dola 299 kwa mwaka ili ziorodheshwe. Mwishoni mwa 2014 saraka hiyo ikafungwa. DMOZ, saraka nyingine ya tovuti iliyotunzwa na wahariri wa kujitolea tangu 1998, ikafuata mwaka 2017. Watu walishazoea kuandika wanachotaka kwenye Google na kujibiwa papo hapo. Saraka ndogo zilizoishi kwa kunakili taarifa za wenzao zilikuwa na hali mbaya zaidi, hasa tangu Februari 2011, Google ilipoanza kuzishusha kurasa zenye maelezo haba. Anayepanga leo kuanza kwa kunakili orodha ya mwingine aache.

Sasa tuje Kariakoo. Uwanja umejaa: kuna ramani za Google, kuna Instagram, kuna WhatsApp yenye toleo la biashara tangu 2018. Zaidi ya hizo zote yupo winga, dalali wa mtaani. Mgeni akishuka Msimbazi akitafuta mapazia, winga anajua ni fremu gani ina rangi ile, bei ya jumla ni kiasi gani, na kama mwenye duka yupo au ametoka. Humfikisha mteja hadi kaunta, na hupata chake mauzo yakifanyika. Wanafunzi wa masoko wanapaswa kuusoma utaratibu huu kwa heshima, maana mwenye duka hatoi hata senti kabla ya kuona mteja. Kisha anaingia kijana wa saraka akiomba ada ya mwaka mzima kwa tovuti ambayo hakuna anayeijua. Mwenye duka akimkatalia, amepiga hesabu zake sawasawa.

Ndiyo maana nasema saraka mpya hutangazwa kwanza kwa anayetafuta, katika eneo dogo sana, ikiwa na taarifa zisizopatikana kwingine. Saraka ya Yelp ilipoanzishwa San Francisco mwaka 2004, wazo lake la kwanza lilikuwa mtu kuwauliza rafiki zake kwa barua pepe wampendekezee huduma. Halikushika. Waanzilishi wakaona watu wanapenda kuandika maoni bila kuombwa, wakajenga juu ya hilo, kisha wakapanuka mji baada ya mji. Angie Hicks, mwaka 1995, alipita nyumba kwa nyumba mjini Columbus, Ohio, akiwauzia uanachama wa orodha yake ya mafundi wenye nyumba waliochoshwa na mafundi wasioaminika. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa India. Saraka ya Justdial ya V.S.S. Mani ilianza mwaka 1996 kwa simu ya kawaida: mteja anapiga, anataja shida yake, mhudumu anamsomea namba. Haikumlazimu fundi wala mteja kuwa na kompyuta.

Chukueni Keko, kwa mafundi samani. Anayetaka kitanda cha mninga ana maswali ambayo ramani haimjibu. Fundi huyu anatumia mninga kweli, au mbao nyingine iliyopakwa rangi? Anadai malipo ya awali kiasi gani? Anamaliza kwa siku ngapi? Picha hizi ni za kazi yake mwenyewe? Saraka yenye mafundi 100 wa Keko, iliyojibu maswali hayo kwa maneno ambayo mteja huyaandika anapotafuta, itampata mteja huyo hata bila bajeti ya matangazo. Mabango na redio vinaweza kungoja.

Kazi ngumu ni kuitunza. Fundi hubadili laini, fremu hupata mpangaji mwingine. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wafanyabiashara wake walilazimika kuhamia kwingine, na anwani zilizoandikwa jana yake zikawa hazina maana. Kwa hiyo kila namba ipigwe kila mwezi, na isiyopokelewa iondolewe siku hiyo hiyo. Mteja akipiga mara mbili asipate mtu, harudi tena, na ana haki.

Kuhusu fedha, jifunzeni kwa winga: mtozeni fundi kwa kila simu ya mteja iliyomfikia, kiasi kidogo, kwa simu yake ya mkononi. Tangazo la kulipia liandikwe wazi kuwa ni tangazo. Nafasi ya juu katika orodha isiuzwe kwa siri, kwa sababu fundi mbovu aliyenunua nafasi atawaharibia mafundi wazuri wote waliomo. Na kabla ya kuweka namba ya mtu hadharani, mwombeni ridhaa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, mtu ana haki ya kuulizwa.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nawaomba mwende Keko kabla hamjaandika mstari wa kwanza wa programu. Kaeni na mafundi, chukueni namba kwa ridhaa yao, kisha zipigeni tena baada ya mwezi mmoja. Atakayetaka kuifanya kazi hiyo kuwa mradi wake wa shahada, mimi niko tayari kumsimamia.