Kazi Isiyoacha Jengo

Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na walimu siku ya Jubilei



Baba Askofu, Mapadre, Masista, walimu, na ninyi ndugu zetu mliotoka vigangoni tangu alfajiri kwa miguu: tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kazi ya kuwasaidia wakimbizi. Katika kitabu hiki cha Jubilei mtaona picha za makanisa, za shule na za zahanati, na chini ya kila picha mwaka wa kujengwa. Kazi yetu sisi haina picha. Hapakuwekwa jiwe la msingi, wala haikutundikwa kengele, na sehemu kubwa ya pale walipokaa watu wale wote leo ni vichaka na mashamba. Kwa hiyo yafaa isemwe kwa kinywa, wakati wangalipo walioiona.

Wazee wetu hapa Ngara hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika miaka ya 1960 Watutsi waliokimbia Rwanda walipewa mahali pa kukaa Muyenzi, na wako kati yenu waliokula nao, wakasoma nao, wakaoana nao. Tena mwaka 1993, alipokwisha kuuawa Rais Ndadaye mwezi wa Oktoba, Warundi waliingia kwetu kwa maelfu. Lakini yaliyotukia mwaka 1994 hayakupata kuonekana.

Mauaji ya Rwanda yalianza mwezi wa Aprili. Kabla hatujaona mtu hai, tuliona maiti zikishuka na maji ya mto Kagera, zikapita chini ya maporomoko ya Rusumo kuelekea ziwa la Viktoria. Kisha, tarehe 28 Aprili, watu wakaanza kuvuka daraja. Walivuka mchana kutwa na usiku kucha, na kwa muda wa siku moja na kitu hivi wakawa kiasi cha 250,000. Wilaya nzima ya Ngara haikuwa na watu wengi hivyo. Wamevaa nguo juu ya nguo, wana magodoro kichwani, masufuria, baiskeli, mbuzi, wazee wamebebwa mgongoni. Na penye mpaka askari wetu waliwanyang'anya mapanga, yakawekwa rundo kando ya barabara. Rundo lile tuliliona kwa macho yetu. Tutalitaja tena.

Wakapelekwa Benaco. Jina hilo si la kwetu, ni la kampuni ya Waitalia waliojenga barabara, nao walikuwa na kambi yao mahali pale. Siku za kwanza hapakuwa na kitu ila kibwawa cha maji na mvua. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likaja, Msalaba Mwekundu ukaja, wakaja na waganga wa nchi nyingi, nao walifanya kazi kubwa ambayo sisi hatukuweza hata kuiota. Walakini magari hufika baada ya njaa. Siku zile za mwanzo Wakristo wa vigango walitoa ndizi, wakatoa maharage yaliyowekwa kwa mbegu, wakatoa vyungu na majembe ya kuchimbia vyoo. Hakuna aliyelipwa. Mama mmoja mjane alileta debe la mahindi, akakaa juu yake mpaka likaisha, akaenda zake na debe tupu bila kusema neno.

Sisi tunaosema nanyi leo tulikuwa vijana tu wakati ule, tumetoka shuleni, hatujui kazi yo yote. Tukamfuata katekista wetu mzee, Mungu ampumzishe. Naye hakutupa chakula tukigawe. Alitupa daftari.

Akasema, "Katekista anajua kitu kimoja, kuandika majina." Na kweli, aliyezoea daftari la Ubatizo anajua kuuliza jina la mtoto, la baba, la mama, na mahali alipozaliwa. Watoto waliopotewa na wazazi wao katika mkanyagano ule walikuwa wengi mno. Kihangaza chetu husikilizana na lugha yao, basi tukakaa chini ya turubai tukawauliza mmoja mmoja. Mkubwa hujibu. Mdogo, ukimwuliza mama yake anaitwa nani, hukwambia, "Anaitwa Mama." Ukimwuliza alikotoka, hukwambia, "Kwetu." Mzee alitufundisha kuandika hata hayo. Andika rangi ya nguo, andika kovu, andika jina la ng'ombe wao, andika wimbo anaoujua.

Hapa sharti tuungame kosa letu. Juma la kwanza, kwa haraka, tuliandika majina tu bila kilima na bila komini. Majina yao ya kumtaja Mungu hufanana sana, na kilima kimoja kinaweza kuwa na wasichana kumi wenye jina moja. Akaja mtu na mkewe wakasoma orodha, wakapewa mtoto wa kike. Mtoto alikwenda nao, hakulia. Baada ya siku nne mama mwenyewe alifika, mwenye jina lile lile alilolitaja mtoto. Tulitembea kambi ile safu kwa safu tukiita, siku sita, na mama yule nyuma yetu. Siku ya saba tukampata. Wale waliomchukua walikuwa wamefiwa na wa kwao njiani, nao walijua tangu usiku wa kwanza kwamba huyu siye, wasiweze kumrudisha. Tangu siku ile tuliandika kilima. Mwaka 1995 ilipofunguliwa Redio Kwizera, ndiyo kusema Tumaini, majina yakaanza kusomwa hewani, na mtu aliweza kusikia jina la ndugu yake akiwa amekaa mekoni pake.

Sasa turudi kwenye rundo la mapanga. Wengi wa watu wale walikuwa raia waliokimbia vita, wakulima kama sisi. Lakini pamoja nao waliingia waliokwisha kuua, na viongozi waliowaamuru kuua, na katika siku za mwanzo chakula kiligawiwa kwa mikono ya viongozi wale wale wa komini. Wakaandikisha watu wasiokuwapo, wakauza ziada, wakazidi kutawala. Baadaye ugawaji ukabadilishwa, kila nyumba ikapokea yake.

Siku moja katika safu ya maharage, mwanamke mmoja aliweka bakuli lake chini akaondoka. Tulimwita, hakugeuka. Jioni alikuja kwa katekista mzee akamwambia kwamba mtu aliyesimama mbele yake katika safu ni wa kilima chao, na alilofanya yule mtu nyumbani kwake alilieleza kwa maneno machache ambayo hatutayasema mahali hapa penye watoto. Mwanamke alipelekwa mahali pengine kwa siri, akaishi. Na yule mtu? Juma lililofuata alikuja na bakuli lake, tukampimia. Tulikuwa na kipimo mkononi, naye alikuwa na watoto wawili nyuma yake. Wengine wetu walikataa kurudi kambini tangu siku hiyo, wala hatukuwalaumu. Mzee alirudi, lakini alikuwa hasemi njiani. Padre mmoja alituhubiri juu ya Msamaria, nasi tulisikiliza kwa heshima; ila katika habari ile aliyelala njiani ndiye aliyepigwa, na sisi hatukujua kila mara ni nani tunayemwinua. Hata leo, walimu wangu, mkituuliza kama tulifanya vema kumpimia, tutawajibu kwamba watoto walikuwa na njaa, kisha tutanyamaza.

Wenyeji nao walikuwa na manung'uniko yao, yenye haki. Miti iliisha kwa kuni, hata mikuyu iliyopandwa na mababu. Mihogo iling'olewa usiku. Na mashirika yalipotafuta makarani na wakalimani kwa mshahara mkubwa, walimu wakatoka darasani, wauguzi wakatoka zahanati, na watoto wetu wakakaa bila kufundishwa. (Tunaona wengine mnacheka. Mnajijua.) Ndiyo maana twasema msaada wa kujitolea ni kitu cha mbali na kazi ya mshahara, si kwamba mshahara ni dhambi, bali wa kujitolea hurudi shambani kwake jioni, na asubuhi kijiji bado kinaye.

Mwanzo wa Desemba 1996 ikatangazwa kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi waliogopa wakakimbilia mashariki, porini, askari wakawageuza. Mvua ilikuwa ikinyesha. Siku nyingi walipita mbele yetu kuelekea daraja lile lile, na sisi tulisimama kando na mitungi ya maji. Hapakuwa na wakati wa kuaga. Mtu hunywa, hurudisha kikombe, huenda.

Kazi haikuishia hapo. Warundi walibaki Lukole miaka mingi, tukawafundisha watoto wao Katekisimu na hesabu. Mwezi wa Mei 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa Tanganyika, kipindupindu kikaingia, na meli ya zamani, Liemba, ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma. Wengine wetu tulikwenda huko kusaidia ndugu wa Kigoma, na kazi tuliyopewa siku ya kwanza ilikuwa kuandika majina ya watoto. Tulianza na kilima.

Ndugu zetu, tunaomba mambo mawili tu. Kikapu cha Jumapili ya kwanza ya mwezi kisiachwe. Sabuni na kanga kuukuu hupokewa sakristia baada ya Misa. Na walimu wanaoweza kutoa majuma mawili ya likizo waandike majina yao kwa Paroko, tutawafundisha namna ya kumwuliza mtoto.

Daftari la mzee bado liko. Karatasi zimekuwa za manjano, na kila mtoto aliyepata watu wake amekatwa mstari kwa wino. Majina kumi na moja hayana mstari. Watoto hao, kama wako hai, ni watu wazima sasa. Daftari limewekwa leo juu ya meza mlangoni mwa kanisa, na waliotoka ng'ambo ya mto kuja kusherehekea nasi wanakaribishwa kulisoma.