Karatasi Kwanza: Maneno kwa Familia Zinazopeleka Mtoto wa Kwanza Chuoni

Maelezo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne

Najua leo ni siku ya soko na kuna mama amefunga kibanda chake ili awe hapa, kwa hivyo sitazunguka sana.

Nataka kuzungumza hasa na zile familia ambazo kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo. Mzazi aliyepitia chuo, mtoto wake akipata C+, anajua la kufanya kesho yake asubuhi. Mzazi ambaye hakupitia huko anafurahi, anachinja kuku, anawaita majirani, kisha anakaa kungoja aitwe. Haitwi. Watoto hao wawili wana alama sawa, lakini vyuo vikifunguliwa mmoja yuko darasani na mwenzake anasukuma mkokoteni. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, ambayo ndiyo alama ya kuingia chuo kikuu. Kupata alama hiyo ni jambo moja. Kuingia chuoni na kubaki huko ni jambo lingine, na hilo ndilo lililotuleta.

Jambo la kwanza ni nafasi. Nafasi zinagawiwa na KUCCPS, na ni mwanafunzi mwenyewe anayeomba kupitia tovuti yao. Hapa kuna mtego mmoja ambao watu wengi hawauoni. Katika orodha ya KUCCPS mna vyuo vikuu vya umma na vya kibinafsi, vyote pamoja. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze mwaka 2023, mwanafunzi anayepangiwa chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, lakini ufadhili wa serikali, zile pesa zisizorudishwa, hapati. Kijana akichagua chuo kwa sababu picha zake mtandaoni zinapendeza, anaweza kuikosesha familia yake msaada mkubwa kuliko wote. Muulizeni kabla hajabonyeza: hicho chuo ni cha umma?

Jambo la pili ni pesa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kupata nafasi hakuleti pesa. Ni maombi mawili tofauti. Barua ya chuo ikishatoka, mwanafunzi lazima aombe tena, safari hii ufadhili na mkopo. Asipoomba, anahesabiwa kuwa mtu anayejiweza, na chuo kinamwandikia karo yote. Kuna wazazi waliopokea karatasi ya karo ya laki na zaidi wakadhani mtoto wao amenyimwa msaada. Hakunyimwa. Hakuomba.

Mfumo wenyewe unagawa gharama ya masomo mara tatu: ufadhili, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia. Kadiri familia ilivyo na uhitaji ndivyo ufadhili unavyopanda. Katika mpangilio wa makundi matano, kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikibaki na asilimia 5. Kundi la tano hupata ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, na familia inalipa asilimia 40. Hebu fikirini tofauti ya 5 na 40 kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha shamba. Tofauti hiyo yote inatokana na majibu yaliyojazwa kwenye fomu.

Mfumo huu umelalamikiwa sana, na malalamiko mengi yana msingi. Mahakama Kuu ilisema mnamo Desemba 2024 kwamba unakiuka katiba, na serikali ikakata rufaa. Viwango na majina ya makundi vinaweza kubadilika tena. Lakini mtoto wako hawezi kukaa nyumbani akingoja mawakili wamalize. Aombe kwa utaratibu uliopo wakati wake, na akiona amewekwa kundi lisilolingana na hali ya nyumbani, akate rufaa muda wa rufaa ukitangazwa. Walio wengi hawakati. Wanaona aibu kueleza umaskini wao mara ya pili.

Sasa tuje saiber. Sina ubaya na vijana wa saiber, wametusaidia wengi. Lakini angalia yanayotokea. Mtoto anakaa pembeni, mhudumu anajaza haraka kwa sababu nje kuna foleni. Anaweka nambari yake ya simu na barua pepe aliyoitengeneza papo hapo, na neno la siri analijua yeye peke yake. Kwenye mapato ya mzazi anaandika nambari yoyote inayomjia. Miezi mitatu baadaye ujumbe wa HELB unaingia kwa simu ya mtu aliyehamia mji mwingine. Nasema hivi: nenda saiber, lakini mwanafunzi ndiye akae mbele ya kioo. Atumie laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Neno la siri aliandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Na mzazi awepo, maana maswali mengi ya ile fomu ni juu ya mzazi: unafanya kazi gani, unaishi wapi, nyumba ina watoto wangapi wanaosoma. Jibu ukweli. Usijipandishe cheo mbele ya mhudumu kwa sababu jirani yuko karibu anasikia. Mama anayeuza mboga njiani asiandikwe mfanyabiashara kisha ikaachwa hapo.

Halafu karatasi. Hizi ndizo zinazochelewesha watu kuliko pesa, na hizi ndizo unaweza kuanza kushughulikia leo, kabla matokeo hayajatoka. Aliyetimiza miaka 18 aombe kitambulisho sasa. Angalia cheti cha kuzaliwa na majina aliyosajiliwa nayo kwenye mtihani. Kama moja lina jina la babu na lingine halina, au herufi zimepishana, anza kurekebisha mapema. Yatima wanatakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi. Familia nyingi hapa zilizika na kibali cha mazishi, cheti chenyewe halikufuatwa hata baada ya miaka kumi. Kibali si cheti. Chifu yupo hapa, anaweza kuwaeleza pa kuanzia.

Kuna wazazi wanaogopa neno mkopo. Wameona mashamba yakipigwa mnada, nawaelewa. Mkopo wa HELB hauombi hati ya shamba. Riba yake kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ni deni, usidanganywe kwamba ni zawadi, na anayelibeba ni kijana. Lakini ukililinganisha na mikopo ya kwenye simu ambayo watu huchukua kulipa karo, hakuna ulinganisho.

Najua wengi mlikuja kusikia kuhusu basari ya kaunti. Nitasema wazi. Katiba inaipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo vikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa sababu hiyo, mapema mwaka 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe pesa za basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, na magavana wakaenda mahakamani. Mvutano wa namna hiyo ukitokea, hundi zinachelewa. Kwa hiyo omba basari ya kaunti, omba na ya NG-CDF, kila inapotangazwa, lakini usiipange kama nguzo ya kwanza ya nyumba. Iwe ya kuzibia pengo.

Na mapengo yapo. Pesa za matumizi za HELB mara nyingi huingia wiki kadhaa baada ya vyuo kufunguliwa. Katika wiki hizo kijana anahitaji nauli, godoro, kodi ya chumba na chakula. Tuna desturi nzuri ya harambee, lakini tunaitumia vibaya: zote zinaisha siku ya kumsindikiza, kwa magari na pilau. Mimi ningependa familia igawe zile pesa, nusu iende na mtoto na nusu ibaki kwa muhula wa pili, wakati hakuna anayepiga makofi tena. Muhula wa pili ndipo wengi wanapopotea. Hawafukuzwi. Wanaacha kula mara tatu, wanaanza kukosa masomo, wanaogopa kuwaambia nyumbani kwa sababu kijiji kizima kilichanga. Mzazi, mpigie mtoto simu umuulize amekula nini. Naye kijana, kila chuo kina ofisi ya mkuu wa wanafunzi, na vyuo kadhaa, Kenyatta kikiwemo, vina mpango wa kazi ndogo kwa wanafunzi wenye uhitaji. Ukibanwa kabisa, andika kuahirisha masomo ili nafasi yako ibaki. Ukiondoka kimya kimya, kurudi ni kazi.

Waliopata chini ya C+ wasiondoke hapa wamenuna. Vyuo vya kiufundi vinapokea kuanzia alama za chini kabisa kulingana na kozi, na wanafunzi waliopangiwa vyuo vya umma vya kiufundi wanaweza kuomba msaada vilevile. Mafundi umeme waliosomea kazi yao hawatoshi hata katika mji wetu huu mdogo.

Chini ya ule mti kuna meza mbili. Ya kwanza ni ya wenye tatizo la majina au vyeti, na ya pili ni ya wanaotaka kusomewa maswali ya fomu kwa Kiswahili kabla hawajaenda saiber. Kama umekuja na cheti cha kuzaliwa mfukoni, anza na meza ya kwanza.