Kompyuta Imegoma Kuwaka: Tusikimbilie Kufuta Diski

*Mada iliyotolewa na timu yetu ya ufundi kwenye semina ya makatibu na watunza hazina wa kamati za parokia, Karatu*

  

 Tumeombwa kuzungumzia jambo linaloonekana kuwa ni la mafundi peke yao: nini cha kufanya pale kompyuta yenye hadi diski mbili au tatu inapokataa kuwasha Linux. Sisi tunaomba mlipokee kama jambo la kamati. Uamuzi unaofanyika katika saa ile ya kwanza ndio unaoamua kama kumbukumbu za parokia zitabaki au zitapotea, na mara nyingi anayekuwepo ofisini saa hiyo ni katibu, si fundi.

Kwa nini tuna diski zaidi ya moja

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Ufini. Hutolewa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kuirekebisha. Kwetu Tanzania, mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia mahesabu iliyozungumza Kiswahili. Oktoba ya mwaka huo huo lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, ambalo jina lake, kama mnavyosikia wenyewe, ni ndugu wa neno letu "utu".

Ofisi nyingi za parokia zimeingia kwenye Linux kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya umri wa mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi tulizopewa kwa msaada hazina sifa za kubeba Windows 11. Fundi anafanya nini? Anaiacha diski ya zamani yenye Windows, kwa sababu kuna programu fulani ya mahesabu ambayo mhasibu ameizoea, halafu anafunga diski ya pili yenye Linux. Mpango huo ni mzuri, lakini unaleta swali ambalo mashine yenye diski moja haina: mlango uko kwenye diski ipi?

Mlango na bawabu wake

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu wa kompyuta ndiyo inayoamka kwanza. Kwenye mashine za zamani inaitwa BIOS, na kwenye za karibuni UEFI. Kazi yake ni kukagua vifaa, kisha kwenda diski moja baada ya nyingine kwa kufuata orodha, ikitafuta programu ya kuwashia mfumo. Kwenye Linux programu hiyo kwa kawaida ni GRUB. Tumfananishe GRUB na bawabu: yeye ndiye anayekuuliza kama unaenda Linux au Windows, kisha anakufungulia.

Mtu anayetoka hapa Karatu kwenda kreta hupita lango la Lodoare. Lango likifungwa, msafiri atakaa nje na hataona kitu. Lakini kreta ipo, na nyumbu wapo wanakula majani. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba kwa vile lango halifunguki basi wanyama wamekufa. Kompyuta ikigoma kuwaka, watu wengi husema hivyo hivyo: "Data zimekwenda." Mara nyingi hazijakwenda popote. Lango limefungwa tu.

Kwa nini lango hufungwa zaidi pale penye diski nyingi? Kwenye mashine za BIOS, nafasi ya bawabu mwanzoni mwa diski ni finyu sana. Sekta ya kwanza ina baiti 512, na kati ya hizo baiti 446 tu ndizo zinazoachiwa maelekezo yake. Kwa hiyo GRUB hugawanyika. Kipande kidogo hukaa mwanzoni mwa diski, na sehemu kubwa hukaa kwenye folda ya /boot/grub, ambayo inaweza kuwa kwenye diski nyingine kabisa. Ukiichomoa ile diski nyingine, au ukibadilisha nyaya, bawabu anabaki getini lakini hajui funguo zake ziko wapi.

Jambo la pili linalochanganya ni hesabu. GRUB huhesabu diski kuanzia sifuri: diski ya kwanza ni hd0, ya pili ni hd1. Sehemu zilizo ndani ya diski, GRUB ya sasa huzihesabu kuanzia moja. Linux yenyewe huziita diski hizo hizo sda na sdb, na si lazima hd0 iwe ndiyo sda. Sisi tunaotumia saa za Kiswahili hatupaswi kushangaa. Mwambie mtalii gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa yake ya mkononi itasoma sita. Wakati ni ule ule, hesabu ndiyo tofauti.

Habari njema ni kwamba kila sehemu iliyoandaliwa kwa ajili ya mafaili ina namba yake ndefu ya utambulisho, iitwayo UUID. Majina ya sda na sdb yanaweza kubadilika ukihamisha waya, lakini namba hii haibadiliki. Ni kama alama ya sikioni mwa ng'ombe: mhamishe kutoka boma moja hadi jingine, mwenyewe atamtambua.

Tuliyoyaona kwenye parokia moja

Katika parokia moja ya ukanda huu, ambayo hatutaitaja, kompyuta ya ofisi ilikuwa na diski mbili. Ya zamani ilikuwa na Windows. Ya pili ilikuwa na Linux, pamoja na daftari la michango, majina ya watoto wanaolipiwa ada, na hesabu za mradi wa maji wa miaka minne. Nafasi ilipopungua, fundi mmoja aliitwa akaongeza diski ya tatu, na katika kufunga akabadilisha nyaya. Kesho yake kioo kilikuwa cheusi, chenye maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba sehemu fulani ya diski haipo, na chini yake: grub rescue>.

Ushauri wa kwanza waliopewa ulikuwa kufomati diski zote na kuanza upya. Ripoti ya mradi wa maji ilikuwa inadaiwa ndani ya wiki mbili, na vitabu vya karatasi vilikuwa vimeachwa kujazwa tangu kompyuta ilipoletwa. Katibu, mama mtu mzima ambaye hajasomea kompyuta, alikataa. Aliuliza swali moja tu: "Ukifuta, utanirudishia nini?" Hakujibiwa, akaifunika mashine kwa kitambaa na kutuma ujumbe.

Tulipofika hatukubeba kifaa chochote cha ajabu. Tuliandika amri moja, ls, na GRUB ikatuorodheshea diski zote tatu. Tukaziuliza sehemu zake moja baada ya nyingine, hadi moja ikatuonyesha folda ya boot. Diski ya Linux, iliyokuwa inahesabiwa ya pili, sasa ilikuwa ya tatu. Kabla ya chakula cha mchana hesabu za maji zilikuwa kwenye kioo, hakuna hata mstari uliopungua. Sifa za kazi ile ni za katibu. Sisi tulifungua lango; yeye ndiye aliyezuia ng'ombe wasichinjwe.

Hatua za kufuata

Tunaomba makatibu waandike, hata kama amri zenyewe zitatekelezwa na fundi.

Kwanza, msifomati na msiweke mfumo upya. Andikeni maneno yote yaliyo kwenye kioo, au mpige picha kwa simu.

Pili, angalieni orodha ya diski kwenye BIOS au UEFI. Huingiwa kwa kubonyeza F2 au Delete mara tu mashine inapowaka, kutegemea aina yake. Diski yenye GRUB iwe ya kwanza. Kama tarehe ya kompyuta nayo imerudi nyuma miaka, huenda ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu imekwisha na orodha imerudi ilivyotoka kiwandani. Hapo tiba ni betri mpya na kupanga orodha, basi.

Tatu, kama diski fulani haionekani kabisa kwenye orodha, au inatoa mlio wa kugonga, zimeni mashine. Hilo si tatizo la bawabu. Diski yenyewe inaumwa, na kila dakika ya kuilazimisha inaweza kuongeza hasara.

Nne, kama diski zote zipo na mko kwenye grub rescue>, fundi aandike ls. Akishaipata sehemu yenye folda ya boot, tuseme ni (hd2,msdos1), aandike mistari hii minne, mmoja baada ya mwingine:

set root=(hd2,msdos1)
set prefix=(hd2,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu ya kawaida inapaswa kurudi. Kama haikurudi, fundi awashe mashine kwa flashi ya Linux na kufanya ukarabati kutokea huko.

Tano, kuingia mara moja si kupona. Mashine ikizimwa, tatizo litarudi, kwa sababu bawabu bado ana maelekezo ya zamani. Mkiwa ndani ya Linux, kwenye mashine ya BIOS, fundi aandike sudo grub-install /dev/sdc, kisha sudo update-grub. Herufi ya mwisho ya sdc lazima iwe ya diski sahihi, na amri ya lsblk itamwonyesha ni ipi. Aandike jina la diski nzima bila namba ya sehemu mbele yake. Kwenye mashine ya UEFI GRUB hukaa ndani ya sehemu ndogo maalumu kama faili la kawaida, kwa hiyo fundi ahakikishe flashi ya ukarabati imewashwa kwa njia ile ile ya UEFI iliyotumika kuweka mfumo.

Sita, zimeni na mwashe tena mara mbili kabla fundi hajaondoka. Fundi asilipwe kwa mashine iliyowaka mara moja.

Mapendekezo kwa kamati na wafadhili

Tunapendekeza mambo manne.

Moja: GRUB iwekwe kwenye diski ile ile yenye Linux, na diski hiyo iwe ya kwanza kwenye orodha. Diski nyingine ikiharibika au ikichomolewa, ofisi itaendelea na kazi.

Mbili: kila kompyuta iwe na kadi iliyobandikwa ubavuni, inayoonyesha diski ngapi zimo, kila moja ina nini, GRUB iko wapi, na kama mashine inatumia BIOS au UEFI. Nyaya ziwekewe alama kwa kalamu. Mafundi huja na kuondoka, kadi hubaki.

Tatu: pamoja na kompyuta iwepo flashi ya Linux iliyojaribiwa, inayotunzwa na katibu. Kwa parokia zilizo ng'ambo ya lango la Ngorongoro, kumfuata fundi Karatu ni safari ya siku nzima, na lango hufungwa jioni. Flashi hiyo inampa fundi au kijana yeyote aliye karibu mahali pa kuanzia.

Nne: nakala ya akiba. Diski tatu ndani ya kasha moja si nakala tatu. Moto, radi au mwizi atazichukua zote pamoja. Nakala ya hesabu ihifadhiwe kila wiki kwenye kifaa kinacholala nyumba nyingine.

Kwa wafadhili wetu tunasema kwa heshima: mnapotoa kompyuta, tunaomba muweke kwenye bajeti hiyo hiyo flashi, diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na siku mbili za kumfundisha katibu. Ni kiasi kidogo ukilinganisha na thamani ya mashine, na ndicho kinacholinda majina ya watoto na hesabu za maji ambazo mnatuomba kila robo mwaka.

Kamati itakayorudi nyumbani iulize mambo mawili kwenye kikao chake kijacho, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari: Linux yetu iko kwenye diski ipi, na nakala yetu inalala kwa nani? Sisi tutapita kwenye parokia zenu kusaidia kuandika zile kadi, na tutaanza na zilizo mbali zaidi.

 Tunakaribisha maswali.