Mkono Uliobaki Nyuma



Mmenitaka niseme machache juu ya tabla. Marehemu mwalimu wangu alinikataza kuigusa mpaka niweze kuitamka. Kila pigo lina jina, na mwanafunzi huyakariri majina hayo kabla mkono haujayajua. Ta ni la mkono wa kuume, ge la kushoto. Yakilia pamoja huitwa dha. Tintal ina mapigo 16, mafungu manne ya mapigo manne manne. Niliyatamka njia nzima hadi Mnazi Mmoja, watoto wakinicheka.

Alipofariki, ulimi ulikwisha kufika, mkono ulikuwa bado nyuma. Niliifunika tabla kwa shuka miezi mingi. Nani angenisahihisha?

Ndipo nikamkumbuka Bi Kidude wa Unguja, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, yule aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Siti alifariki mwaka 1950. Bi Kidude hakuiweka chini ngoma. Aliimba hadi ukongwe, akafariki mwaka 2013.

Nikaifunua. Sasa hutamka kwanza, kisha hupiga. Pigo lisipofanana na neno, najua nimekosea. Taabu yangu ni fungu la tatu: hapo mkono wa kushoto hunyamaza, kisha hupaswa kurudi kwa wakati wake. Jioni hii mtanisikia kwenye bhajani. Ukichelewa kurudi, mniwie radhi.