Mgeni Chini ya Mkarafuu
Mada kwa semina ya wakulima na waongoza wageni, Chake Chake, Pemba

Masheikh, mabibi, wakulima mliotoka Konde, Ole na Mtambile, nanyi vijana mnaotembeza wageni: nimekuja na jambo moja tu. Mgeni anayefika Pemba tumpeleke kwenye karafuu kabla ya ufukwe, na safari hiyo aiandae mwenye mikarafuu, naye ndiye alipwe.

Mabaharia wa Kiarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, karne nyingi kabla mkarafuu wa kwanza haujapandwa hapa. Karafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, na ya kwetu mingi ikasalimika. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar hutoka Pemba. Kwa hiyo dunia inapotaja visiwa vya viungo, vilima vyetu ndivyo vinavyotajwa, ingawa mgeni hushukia Unguja, akanusishwa jani la mdalasini na kikonyo cha karafuu, akarudi kwao akiamini ameshaona yote. Kilomita 50 tu za bahari, na wengi hawajui kama tupo.

Kutojulikana huku wengine wanakulilia. Mimi nakuona ni nafasi, maana bado tunaweza kuchagua tujulikane kwa lipi.

Miaka michache nyuma niliwapeleka wageni wawili, mtu na mkewe, kwenye shamba moja nje kidogo ya Wete. Haukuwa msimu. Kijana aliyetuongoza akakwea, akavunja tawi zima, akalishusha wapige picha. Wageni wakashukuru, wakampa kijana chake. Mzee mwenye shamba alikuwa amesimama pembeni, hakuna aliyemsalimia. Tulipoondoka nikamwona anainama, analiokota lile tawi, analitazama, analiweka taratibu juu ya kisiki. Mkarafuu humchukua mtu miaka sita au zaidi kuulea mpaka uanze kuzaa. Niliona haya, na haya ile ndiyo iliyonileta hapa leo.

Msimu uliofuata niliwapeleka wageni wengine kwenye shamba lile lile, safari hii kwa ruhusa na kwa makubaliano. Tulifika asubuhi wachumaji wakiwa wameshapanda. Mchumaji anajifunga kamba, analivuta tawi kwa upembo, anachuma kishada kizima huku pakacha likining'inia ubavuni. Sharti achume kabla ya ua kufunguka, kichwa cha karafuu kikiwa kimeanza kugeuka rangi kutoka kijani. Akichelewa, karafuu imeshapoteza thamani. Chini yake wanawake na watoto wanaokota zilizodondoka. Wale wageni walitazama juu, wakaniuliza kama watu huanguka. Niliwajibu kweli: huanguka, wengine wakavunjika, wengine wakafa. Walinyamaza kwa muda. Ndugu zangu, jibu lile liliwafunza thamani ya karafuu kuliko maelezo yangu yote ya harufu na ladha.

Lakini kilichowashika zaidi kilikuwa jioni. Bibi mwenye nyumba alitandika jamvi barazani, lundo likamwagwa katikati, sote tukaketi kuchambua. Unakiweka kishada kiganjani, unakizungusha kwa kidole gumba, karafuu zinaangukia huku, makonyo kule. Bibi alikuwa anafanya bila kutazama, akizungumza habari za harusi ya mjukuu. Mgeni mwanamke alikuwa akichambua vishada vitatu bibi ameshamaliza kumi na tano. "Pole pole, mwanangu," akamwambia, "usiiponde kichwa." Makonyo hayakutupwa, yalitiwa guniani, maana kule Wawi kuna kiwanda kinachokamua mafuta yake. Kesho yake jua lilipotoka karafuu zikaanikwa, na adhuhuri wingu liliposimama upande wa bahari kijiji kizima kilipiga kelele kwa pamoja. Wageni wale walikimbia nasi kukunja majamvi, wakihema.

Hapo sikuwauzia mandhari. Nyumba ile iliwapa nafasi katika kazi yake ya siku mbili, na ikalipwa kwa siku hizo.

Kwamba jambo hili linawezekana, ushahidi uko kwetu. Mkondo wa Pemba una kina kirefu sana, umetutenga na bara kwa muda mrefu, ndiyo maana tuna popo asiyepatikana popote pengine duniani. Miaka ya 1980 alikaribia kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Watu wa kijiji cha Kidike wakaamua kuyalinda mapumzikio yake, na mgeni akija kuwatazama popo analipa palepale kijijini. Hakuna aliyewajengea hoteli. Walianza na miti yao na makubaliano yao.

Ya ufukwe sitayazungumzia sana, yana wasemaji wake. Kisiwa cha Misali wanakijua wapiga mbizi, na sisi tunakijua kwa kisa cha msala wa mtu wa Mungu. Magofu ya Ras Mkumbuu na ya Pujini yanastahili mada yake peke yake.

Napendekeza basi. Asipelekwe mtu shambani bila mwenye shamba kujua, na ada ipite mkononi mwake kabla ya mkononi mwa muongozaji. Tawi lisikatwe kwa ajili ya picha, msimu au si msimu. Mgeni asipandishwe mkarafuu hata akiomba. Akiteleza hatuna la kumwambia mamaye. Mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, maana yenyewe ina miaka yake, tumwambie mgeni hivyo kabla hajakata tiketi, tumpeleke msitu wa Ngezi au kwa wanaopika halua. Na avae nguo za heshima. Aambiwe kwa upole, mapema, bandarini Mkoani au uwanja wa ndege, si mbele ya watu kijijini.

Nahitaji mashamba matatu ya kuanzia msimu ujao. Karatasi iko mezani mlangoni, na jina la kwanza limeshaandikwa: ni yule bibi wa Wete. Ameweka sharti moja, wageni waje baada ya sala ya alasiri, jamvi likiwa limeshatandikwa.