Mtoto Aliyetolewa Shuleni kwa Siku Kumi



Kila mzazi ajua uchungu wa kumwona mtoto akirudi nyumbani kabla ya wakati, vitabu mkononi, naye amekatazwa kuingia darasani. Mzazi huuliza: amefanya nini? Kisha huuliza: hata lini? Maswali hayo yalipata kufika mbele ya majaji wakubwa wa Marekani, na habari yake ni hii.

Mwezi wa Februari na Machi 1971 palikuwa na machafuko katika shule za mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio. Siku moja vitu viliharibiwa katika chumba cha kulia chakula, na mwanafunzi mmoja, Dwight Lopez, akasimamishwa masomo pamoja na wenzake wasiopungua 75. Yeye alisema kwamba hakushiriki, alikuwapo tu. Msichana mwingine alikamatwa na polisi penye maandamano katika shule isiyo yake. Aliachiliwa pasipo kushitakiwa, lakini kulipokucha akaambiwa asije shuleni kwa siku 10. Hakuna aliyemsikiliza.

Sheria ya Ohio ilimruhusu mwalimu mkuu kumtoa mwanafunzi kwa siku zisizozidi 10. Aliyefukuzwa kabisa aliweza kujitetea mbele ya halmashauri ya elimu. Aliyetolewa kwa muda hakuwa na pa kusemea. Yamkini watunga sheria walidhani kuwa siku 10 ni kidogo. Si kidogo kwa mtoto aliyeandikwa katika daftari kuwa mkorofi, nalo daftari laweza kusomwa na wale atakaowaomba kazi au nafasi ya chuo.

Wanafunzi 9 walikwenda mahakamani. Tarehe 22 Januari 1975 Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa haki, majaji 5 kwa 4. Mwalimu mkuu hakunyang'anywa mamlaka yake. Aliamriwa kwamba kabla ya kumtoa mtoto amwambie kosa lake; akikana, amweleze ushahidi uliopo, kisha ampe nafasi ya kusema. Hayo yaweza kufanyika dakika chache tu baada ya kosa, wala hapahitajiwi wakili. Aliye hatari kwa wenzake aweza kutolewa papo hapo, akasikilizwa upesi baadaye. Zikizidi siku 10, huenda ukahitajiwa uchunguzi rasmi zaidi. Wale majaji 4 waliogopa mahakama kuingilia kazi ya walimu, na hofu hiyo si ya kudharauliwa.

Mwaka 1988 Mahakama hiyo iliamua shauri la vijana wawili wa San Francisco wenye maradhi ya hisia. Mmoja alimkaba mwenzake koo. Akasimamishwa siku 5, kisha pasipo kikomo. Majaji walisema kuwa mtoto mwenye ulemavu, akikosa kwa sababu ya ulemavu wake, shule isimtoe peke yake kwa zaidi ya siku 10 za masomo. Ikitaka zaidi, ikubaliane na wazazi au iende mahakamani. Baadaye sheria ilirekebishwa: kwa silaha, dawa za kulevya au kumjeruhi mtu vibaya, mtoto huyo aweza kuhamishiwa mahali pengine kwa siku zisizozidi 45 za masomo, nako huko lazima aendelee kufundishwa.