Jeraha la Ngumi na Jeraha la Ulimi



Mtume Paulo, alipowaandikia waumini wa Korintho, hakuona haya kuchukua mfano wake katika michezo. Aliwataja wakimbiaji, akawataja na wapigana ngumi, kwa kuwa watu wa mji ule walikuwa na mashindano yao na waliielewa vema lugha hiyo. Nami leo naomba ruhusa yenu niufuate mfano wake, niwapeleke kwa muda mfupi penye ulingo wa masumbwi.

Usiku wa tarehe 8 Machi, 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, walikutana mabondia wawili wa uzito wa juu, Joe Frazier na Muhammad Ali. Wengi wenu mnalijua jina la Ali, maana ndiye aliyepigana na George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Lakini pambano la New York lilikuwa na jambo lake la pekee. Wote wawili walikuwa mabingwa, na wote wawili walikuwa hawajashindwa hata mara moja tangu waingie katika ngumi za kulipwa. Frazier alikuwa amepigana mara 26 na kushinda zote. Ali mara 31, naye ameshinda zote. Frazier ndiye aliyekuwa na mkanda. Ali alikuwa amenyang'anywa ubingwa mwaka 1967, si kwa kupigwa ulingoni, bali kwa kukataa kuingia jeshini wakati wa vita ya Vietnam, akisema dini yake na dhamiri yake hazimruhusu. Basi dunia ilitaka kujua: kati ya mabingwa hawa wawili, bingwa wa kweli ni yupi? Kila mmoja wao aliahidiwa dola milioni 2.5, malipo ambayo hakuna bondia aliyewahi kuyapata kabla yao.

Walipigana raundi 15 kamili. Mwanzoni Ali alitangulia kwa wepesi wa mikono. Frazier alisonga mbele ameinamisha kichwa, akiwa radhi kupigwa ngumi mbili ili apate kupiga moja. Katika raundi ya 11 Ali aliyumba, magoti yakamlegea. Katika raundi ya 15 ngumi ya mkono wa kushoto ya Frazier ilimpata tayani, akaanguka chali. Aliinuka upesi, akamaliza pambano akiwa amesimama kwa miguu yake; lakini waamuzi wote watatu walimpa Frazier ushindi. Usiku ule ule Ali alipelekwa hospitali kupigwa picha ya taya lililovimba. Mshindi naye hakusalimika, maana haukupita muda mrefu akalazwa hospitali kwa majeraha ya usiku huo.

Ndugu msikilizaji, majeraha hayo yalipona. Uvimbe ulishuka, damu ikakauka, na wote wawili wakarudi ulingoni. Lakini palikuwa na jeraha jingine, lililopigwa kabla kengele ya raundi ya kwanza haijalia, na hilo ndilo ninalotaka tulitazame asubuhi hii.

Ali alipofungiwa kupigana, alikaa miaka mitatu na nusu bila kukanyaga ulingo. Katika miaka hiyo ya shida, Frazier alikuwa rafiki yake. Mwaka 1967 alikataa kuingia katika mashindano yaliyoandaliwa kumtafuta mrithi wa mkanda alionyang'anywa Ali. Alimsaidia kwa fedha, tena akamtetea mbele ya wakubwa ili arudishiwe leseni yake. Leseni ilipopatikana na pambano lilipopangwa, Ali alianza kumtangaza mpinzani wake kwa matusi. Alimwita mjinga. Alimwita mbaya wa sura. Kisha akamwita kwa neno lililochoma kuliko yote, kwamba yeye ni kibaraka wa Wazungu, msaliti wa Weusi wenzake.

Na nani aliyekuwa akiambiwa hivyo? Mtoto wa wakulima maskini wa Beaufort, katika jimbo la South Carolina, aliyekua katika nchi ambamo mtu Mweusi alinyimwa sauti, kisha akaenda Philadelphia kutafuta riziki katika machinjio. Maneno yale hayakuishia kwa Frazier peke yake. Watoto wake walidhihakiwa shuleni, na watu wa rangi yake mwenyewe wakamwona kama adui. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Na Frazier aliyapata mateke hayo mbele ya macho ya dunia nzima.

Hapa tusifanye haraka kumhukumu Ali. Mtu huyu alikuwa na ujasiri wa dhamiri ambao wengi wetu hatuna. Alikubali kupoteza cheo, fedha na miaka bora ya ujana wake kuliko kutenda alichoamini kuwa dhambi, na tarehe 28 Juni, 1971, Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha hukumu aliyokuwa amepewa. Lakini hilo ndilo linalotufundisha. Mtu anaweza kuwa shujaa mbele ya serikali, na papo hapo akawa mkatili kwa rafiki aliyemlisha. Uadilifu katika jambo kubwa haumpi mtu kibali cha kumdharau jirani yake katika jambo dogo.

Walikutana tena mwaka 1974, na Ali akashinda. Walikutana mara ya tatu tarehe 1 Oktoba, 1975, karibu na mji wa Manila. Safari hii Ali alimwita mwenzake sokwe, akatembea na kisanamu cha sokwe na kukipiga ngumi mbele ya waandishi wa habari. Walipigana katika joto kali hadi raundi ya 14 ilipokwisha. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba hata haoni ngumi zinazomjia, naye bado alitaka kuendelea. Mwalimu wake, Eddie Futch, alikataa, akasimamisha pambano ili kuyaokoa maisha yake.

Baada ya pambano hilo, Ali alimwita Marvis, mwana wa Frazier, aliyekuwa kijana wa miaka 15, akamwambia amweleze baba yake kwamba hakuyakusudia yale aliyoyasema. Kijana akaupeleka ujumbe. Baba yake akajibu kwamba, kama ni hivyo, kwa nini haji kuniambia mwenyewe? Miaka 26 ikapita. Mwaka 2001 Ali aliomba radhi kupitia gazeti moja la New York, akieleza kwamba maneno yale yalikuwa ya kuutangaza mchezo. Frazier baadaye akasema kwamba radhi hiyo ameombwa mwandishi wa gazeti, si yeye.

Jeraha lilioza kwa muda mrefu. Mwaka 1996, Ali alipouwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, mikono ikimtetemeka kwa maradhi, watu wengi walilia kwa huruma. Frazier alisema angependa kumsukuma ndani ya moto ule. Tazameni chuki inavyomfanyia mtu. Yeye aliyekosewa, mwenye haki ya kulalamika, akafika mahali pa kufurahia udhaifu wa mgonjwa. Katika miaka yake ya mwisho alisema kwamba amesamehe, na tumwamini. Lakini miongo mingi ilikuwa imepita, na miongo hiyo hairudi.

Wapendwa, naona mafunzo matatu ambayo kila nyumba inaweza kuyachukua.

La kwanza, tuuchunge ulimi hasa tunapotafuta ushindi. Wengi husema, «Nilikuwa natania tu,» au, «Nilisema kwa hasira.» Lakini anayechomwa hapimi nia ya aliyemchoma, bali husikia maumivu. Baba anayemwita mwanawe mpumbavu mbele ya wageni, mke na mume wanaofichuliana aibu mbele ya majirani, ndugu wanaotupiana maneno ya ukoo kwa sababu ya mpaka wa shamba: wote hao wanashinda mabishano ya siku moja na kupoteza amani ya miaka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

La pili, msamaha hautumwi kwa tarishi. Uliyemkosea umemkosea uso kwa uso. Nenda kwake kwa miguu yako mwenyewe. Usimtume mtoto, usimtume mjumbe wa nyumba kumi, usingoje siku ya harusi ili ujichanganye katika umati na kudhani kwamba yamekwisha. Ni vigumu kubisha hodi kwenye mlango wa mtu uliyemtukana. Ndiyo maana kubisha hodi huko kuna thamani.

La tatu, nawe uliyekosewa, usiulinde uchungu wako kama mali. Usingoje mpaka mwenzako atamke maneno yote unayoyataka, kwa mpangilio unaoutaka. Joe Frazier alikuwa na haki yake, lakini haki hiyo ilimla kwa ndani miaka mingi kuliko ile aliyokaa na mkanda wa ubingwa.

Frazier alifariki tarehe 7 Novemba, 2011, kwa saratani ya ini. Siku saba baadaye alizikwa mjini Philadelphia, na miongoni mwa waombolezaji alikuwamo Muhammad Ali, mzee na mgonjwa, akiwa amesaidiwa kuja. Mchungaji Jesse Jackson alipowaomba watu wasimame wampigie marehemu makofi kwa mara ya mwisho, Ali naye alisimama, akapiga makofi. Ulimi ule uliokuwa mwepesi kuliko ngumi zake ulikuwa umefungwa na maradhi, hata kusema kwake kulikuwa kwa shida kubwa. Naye aliyestahili kuyaona makofi hayo alikuwa ndani ya jeneza.

Ndugu msikilizaji, kama yupo mtu aliyekujia moyoni wakati tukizungumza, basi yeye bado yu hai, nawe bado una ulimi. Leo ni Jumapili, siku ambayo wengi wako nyumbani. Nenda kabla jua halijatua.

Mungu awape ujasiri wa kwenda, na upole wa kupokea. Jumapili njema.